Kwa Wifi Magdaline, Kuhusu Vifaranga Wasiokua

Malaz, Riyadh,
Ijumaa, 14 Februari 2025.

Mpendwa wifi Magdaline,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Kabla ya yote nakuuliza hali. Mgongo wako uliokusumbua tangu wakati wa kupalilia umepoa? Watoto wamerudi shuleni bila kikohozi? Na kaka Bonface, bado anadai chai kabla hajanawa uso? Mimi ni mzima. Baridi ya Riyadh ilitupiga sana Januari, sasa imeanza kuondoka, imeniachia midomo iliyopasuka tu.

Mama sijamuuliza hapo juu. Usifikiri nimesahau.

Utashangaa kwa nini nimeandika kwa karatasi zama hizi. Josphat wa kule Kimilili, yule dereva tuliyefahamiana naye mtaa wa Batha hapa Riyadh, anakuja nyumbani likizo, na nimemwapisha akupe barua hii wewe mwenyewe mkononi. Si Bonface, si mtoto, si mtu wa duka. Simu yako ni ya boma zima, wifi. Nikikutumia sauti, kabla hujaisikia wewe imeshafika kwenye kinu cha posho. Na barua yenyewe haina habari ya pesa, kwa hiyo usiruke mistari ukitafuta namba ya kutolea.

Nina swali moja tu. Mama anakufa?

Usinijibu bado. Soma kwanza hadi mwisho, kwa maana nataka ujue nimejuaje, usije ukaniambia kwamba nimeota.

Kazi yangu mpya nilikugusia tu kwenye simu. Unajua nilikoanzia: Jeddah, mtaa wa Bani Malik, chumba cha wanawake tisa na magodoro matano, tunalala kwa zamu kama walinzi. Kozi ya kuhudumia wagonjwa niliisoma kwenye simu yenye kioo kilichovunjika, mtihani nikaufanya mwenyewe, ikama, kile kibali cha kuishi huku, nikaihamisha mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono, na sisemi hivyo kwa uchungu, nasema kwa sababu ni kweli. Basi mwaka jana nikapata kazi hapa Malaz, kumtunza mama mzee kutoka Meksiko. Jina lake Senyora Amparo, yaani Bi Amparo, umri miaka sabini na minane, kwao ni mji wa bandari uitwao Veracruz. Mwanawe Rodrigo ni mhandisi hapa Riyadh. Binti yake Lourdes anafundisha Jeddah katika shule ya watoto wa wageni. Mzee alipofiwa na mumewe wakamleta huku asikae peke yake, na hakukaa sana ikaonekana saratani ya ini.

Siku ya kwanza niliwashuku. Bosi anakupa mkono, anakuuliza mama yako anaitwaje, anakuvutia kiti mle meza moja? Miaka yangu yote huku, bosi akinichekea hivyo huwa kuna kitu kinakuja. Nikangoja. Hakikukawia. Rodrigo aliniita jikoni, akafunga mlango, akafungua bomba ili maji yafunike sauti.

"Selipher, mama hajui ana nini. Na hatajua. Akiuliza, mwambie ni kidonda cha tumbo."

"Na akiuliza mara ya pili?"

"Mwambie mara ya pili."

Nikamtazama kama mtu anayeniuzia saa ya wizi. Akanieleza kwamba kwao habari mbaya hubebwa na watoto. Kumwambia mzee kuwa anakufa ni ukatili, ni kumzimia taa angali anaona. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye huongea na daktari, na wengine hufuata. Nikasema moyoni, kumbe nimetoka Bungoma nikafika Bungoma. Si hivyo hivyo tulivyomfanyia Baba?

Basi nikakubali. Kazi ni kazi. Hospitalini niliona mambo, wifi. Daktari alizungumza Kiingereza kama dakika kumi, na picha za ini zimewashwa ukutani. Rodrigo akamgeukia mama yake na kumtafsiria kwa pumzi moja. Dakika kumi ndani ya pumzi moja! Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeishuku. Senyora aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akamuuliza daktari ana watoto wangapi.

Kisha kukawa na dada yake Senyora, Socorro, aliyebaki Veracruz, mzee kama yeye na moyo wake si mzima. Huyo pia hakutakiwa kujua. Kila Ijumaa alizoea kumwona dada yake kwenye simu, sasa wamfanyeje, na Senyora siku nyingine hawezi hata kukaa? Rodrigo akapata akili. Siku moja mzee alipoamka na nguvu kidogo, tulimwogesha, tukamchana nywele, tukamkalisha dirishani karibu na chupa ya maua. Rodrigo akapiga video nne mchana ule ule, ili atume moja kila Ijumaa na kusingizia kwamba mtandao wa huku haukubali simu ya moja kwa moja. Mimi ndiye niliyemvua na kumvisha. Blauzi ya samawati, ya njano, ya maua, na mwisho shali nyeusi. Rodrigo anamwambia, "Cheka kidogo, mama. Punga mkono." Na kwa kweli niliisifu kazi ile. Nilisema, hapa hakuna atakayegundua.

Lourdes alikuwa akija na ndege kutoka Jeddah kila mwisho wa juma, na huyo ndiye aliyeninyima amani. Daktari alikuwa ameandika vidonge vya maumivu, vile vikali, lakini wao wakaamini kwamba ndivyo vinavyoua mgonjwa, wakavificha juu ya kabati. Lourdes akifika anaanza na chupa ya vidonge kabla ya mama yake. Anahesabu, ananitazama. Akitoka, nami nahesabu nyuma yake, kwa maana huku mgonjwa akikata roho, mtu wa kwanza kuulizwa ni mfanyakazi aliyekuwa chumbani. Tukawa wanawake wawili tunaohesabu vidonge ambavyo hakuna anayevimeza, na mzee huku ameuma shuka kwa maumivu akisema ni kidonda tu, kitapoa.

Baada ya muda hospitali ikatuma daktari wa kuja nyumbani, Daktari Haifa, mama wa hapa hapa Riyadh. Huyo naye nilimshuku. Alikataa kutafsiriwa na Rodrigo. Alikuja na mkalimani wa Kihispania kwenye simu, akaiweka kitandani sauti ikiwa juu, akamwomba Rodrigo kwa upole atupishe. Kisha hakuuliza hata neno moja la ugonjwa! Aliuliza juu ya marehemu mume. Aliuliza mchuzi wa samaki wa Veracruz unatiwa nini. Robo saa nzima ni habari ya mchuzi. Nikasema, huyu anatafuta nini?

Ndipo akasema, "Senyora, kuna wagonjwa wanaopenda kuambiwa kila kitu, na kuna wanaopenda watoto wao wasikie kwa niaba yao. Wote wako sawa. Wewe uko upande gani?"

Magdaline, katika miezi yote ile hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza yule mama swali hilo. Hata mimi niliyemwosha kila siku.

Senyora akajibu, "Wasikie wanangu. Mimi nina umri wa kujua bila kuambiwa."

Daktari hakumsukuma. Alimwambia akitaka kuuliza aulize siku yoyote, akamshika mkono, akaenda zake. Mlango wa nje ulipofungwa tu, Senyora akaniambia kwa Kiingereza chake kidogo alichookota kwenye jiko la hoteli ya watalii huko Veracruz, "Selipher, funga na huu wa chumba."

Nikafunga.

"Ninakufa," akasema, kama mtu anayekuambia chumvi imeisha. "Mume wangu macho yake yaligeuka manjano hivi hivi kama yangu. Na mimi nilimwambia ni kidonda cha tumbo."

"Kwa nini huwaambii watoto kwamba unajua?"

"Rodrigo akijua najua, hatalala tena. Mwache afikiri ananilinda. Lakini dada yangu nataka kuagana naye. Sitaki yale mambo ya kucheka dirishani. Nataka kuagana. Mpigie."

Nitakuambia ukweli, sikumwamini palepale. Nikafikiri wamemtuma anipime, nikipiga tu simu Lourdes atoke nyuma ya pazia na kusema halas, basi, funga mizigo. Hata pazia nililitazama. Lakini yule mama alinyoosha kidole kwenye simu, akaanza kunitajia namba ya dada yake tarakimu moja moja, na hamu ile haiigizwi.

Ilikuwa alasiri, wametoka kuadhini, Rodrigo yuko kazini. Nikapiga. Kule Veracruz ilikuwa asubuhi. Wale dada wawili walianza kuongea pamoja, wakalia pamoja, kisha Socorro akasema kitu na Senyora akacheka hadi nikamshikilia asidondoke.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema amejua tangu Ijumaa ya pili. Nimebadilisha blauzi, lakini maua kwenye chupa ni yale yale na hayajaangusha jani hata moja. Anauliza Waarabu wanauza maua gani hayo, atumiwe mbegu."

Mimi sikucheka, wifi. Nilitoka nikaenda jikoni, nikafungua simu yangu, nikaziweka pamoja zile video nne za Mama ulizonitumia, Jumapili kwa Jumapili.

Jumapili ya kwanza Mama amekaa kwenye kiti mbele ya jiko la nje, kitambaa cha buluu. Ya pili kitambaa chekundu. Ya tatu cheupe cha kanisani. Ya nne ile kofia ya sufi niliyomtumia. Kazi safi, nakupa hongera, mimi mwenyewe sikufanya vizuri zaidi. Lakini nyuma yake kuna kuku mwenye vifaranga wanane. Wanane kwenye ya kwanza, wanane kwenye ya nne. Mwezi mzima mwewe wa Bungoma hakuchukua hata mmoja? Na hilo ni dogo. Nimefuga kuku, Magdaline. Kifaranga akifika wiki nne ameshaota manyoya ya mbawa na anapigana na mama yake. Wa kwako bado ni pamba tupu. Wanapita hivyo hivyo kutoka kushoto kwenda kulia, yule wa nyuma akichechemea, kama wameajiriwa.

Niliziangalia mpaka chai ikachemkia mekoni ikamwagika yote.

Jioni ile Rodrigo alirudi mapema, amevaa bado kofia ya plastiki ya kazini. Socorro alikuwa amempigia na kumpa maneno yake.

"Nani alimpigia Socorro?"

"Mimi."

"Nilikukataza nini, Selipher?"

"Ulinikataza kumwambia mama yako. Sikumwambia, bosi. Yeye ndiye aliyeniambia."

Lourdes alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa, anasikika nyumba nzima. "Mfukuze! Sikukuambia juu ya huyu? Leo hii, yalla, atoke!" Nami, kusema kweli, nilikuwa nimeshakunja nguo zangu kabla hajarudi. Sikukaa Saudia miaka hii yote ili nifukuzwe nguo zikiwa kwenye kamba.

Ikasikika sauti kutoka chumbani. Haikuwa kubwa, lakini wote walinyamaza. Rodrigo alinitafsiria baadaye, huku akijifuta macho kwa mkono wa shati. Mzee alisema, "Lourdes, unapiga kelele kama muuza samaki. Panda ndege uje unipigie hapa. Na wewe Rodrigo, vua hiyo kofia, paa la nyumba halikuangukii. Ninayekufa ni mimi. Nyinyi mnanichosha."

Lourdes alifika kesho yake. Walijifungia chumbani watatu, nikasikia kilio, nikasikia kicheko, nikasikia Lourdes akigombezwa kwa jambo la zamani la mchumba fulani. Walipotoka mambo yalikuwa yamebadilika. Mzee hakutaka kurudishwa hospitalini kuchomekwa mipira. Alitaka picha yake ya Bikira itolewe ndani ya mlango wa kabati, aione akiwa amelala kitandani. Alitaka rozari isomwe kila alasiri na Socorro kwenye simu, kwa kuwa padri wa kumleta nyumbani huku si jambo jepesi. Na vidonge vile vikashushwa. Lourdes mwenyewe alimwekea cha kwanza mdomoni, akakaa akimtazama kifua kinavyopanda na kushuka, akingoja kitokee kile alichokiogopa. Hakikutokea. Mzee alilala bila kuuma shuka, na alipoamka akaomba mchuzi wa samaki.

Alifariki Jumanne ya juma lililopita, mchana, wanawe wote wawili wakiwa kando ya kitanda na dada yake akiomba kutoka Veracruz. Lourdes alinikumbatia. Sijui nisemeje juu ya hilo, ninaliweka pembeni kwanza. Wamesafiri na mwili kwenda kwao, nami niko peke yangu kwenye fleti hii. Kabla hajaondoka Rodrigo alinikatia viza ya kutoka na kurudi. Nimelinganisha jina na namba ya pasi mara mbili, nikitafuta hila. Mpaka sasa sijaiona.

Sasa turudi kwetu.

Mimi ndiye wa kwanza kuambiwa paa linavuja, ng'ombe anaumwa, mtoto wa mdogo wetu Fridah amerudishwa kutoka shuleni kwa kukosa karo. Usiku au mchana, simu yangu inalia. Inakuwaje kwa habari hii moja nikawa wa mwisho? Nimefikiri mabaya juu yenu, siwezi kukuficha. Nimefikiri kaka Bonface alisema, "Selipher akijua ataacha kazi, na akiacha kazi itakuwaje?" Nimefikiri kwamba mlishakaa kikao na kupanga nani atanipigia mambo yakishaisha, na maneno gani aanze nayo. Sijayafuta mawazo hayo. Bonface akirudi shambani muulize, halafu umtazame usoni kabla hajajibu.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniamsha. Huenda si nyinyi. Huenda ni Mama mwenyewe. Ninamjua, ni mtu wa kukwambia, "Magdaline, lete kitambaa kingine, tumtulize yule mtoto, yuko mbali." Kama ni yeye aliyekuagiza, basi nimekuonea bure, na nitakuomba msamaha nikifika.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama ni uamuzi wenu, wewe na Bonface, nitumie neno moja kwenye simu, ndiyo, na usiongeze kitu. Lakini kama ni uamuzi wake, usinijibu. Ingia kwake akiwa peke yake, funga mlango, umsomee kuanzia hapa.

Mama, ni mimi, Selipher. Najua. Usimgombeze Magdaline, alifanya vile ulivyomwambia na alifanya vizuri. Sitakuuliza ugonjwa unaitwaje wala daktari alisema nini. Ukitaka kuniambia utaniambia, usipotaka nitakaa tu hapo karibu nawe, sasa nimejifunza kukaa. Ninataka kujua mambo mengine. Unataka kulala chumba kipi? Nani aje kukuona, na nani asubirishwe nje mpaka achoke aende zake? Una maumivu unayoyameza kimya kwa ajili yetu? Kama yapo, mwambie Magdaline leo, usiningoje, kwa maana dawa ya hayo ipo na wala haimuui mtu, nimeiona kwa macho yangu. Kama ungependa watu wote waendelee kujifanya hawajui, basi hata mimi nitajifanya, nitaingia nikisema nimekuja likizo tu, na utanikuta mwongo hodari. Lakini wewe ndiye useme, si Bonface, wala si mimi. Nitafika Jumamosi, tarehe moja Machi. Nikifika usijikaze kukaa kwenye kiti.

Magdaline, ishia hapo kumsomea.

Nisalimie Fridah na mtoto wake, shangazi Keziah, na mjomba Ephraim ambaye najua atataka kusomewa barua hii. Usimsomee. Kaka Bonface msalimie pia, yangu na yeye tutayamaliza ana kwa ana. Mungu alinde nyumba hiyo, awape nyote usingizi, na mikono yako inayomgeuza Mama kitandani aitie nguvu, kwa maana najua uzito wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote hapo.

Wako akupendaye, hata ninapokushuku,

Selipher Nekesa